Ofisi Zimehamia Dodoma, Nyumba Zimebaki Dar es Salaam

Katika mashauri yote ambayo dola yetu imepata kuyakata tangu bendera ya mkoloni iteremshwe, sidhani kama liko moja lililokawia kutoka katika karatasi na kuingia katika maisha ya watu kuliko lile la mwaka 1973, chama cha TANU kilipoazimia kwamba makao makuu ya nchi yaondoke katika bandari ya Dar es Salaam yapelekwe Dodoma, mahali ambapo Mgogo alikuwa akichunga ng'ombe wake na kulima uwele wake bila ya kuota kwamba siku moja angepakana na mawaziri. Ilikadiriwa kwamba hijra hiyo ingetimia kwa miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la CDA. Ikaletwa ramani iliyochorwa na wataalamu wa Toronto, Kanada, mwaka 1976. Kisha ikaja vita ya Kagera, ukafuata ufukara wa miaka ya themanini, na ramani ikalala usingizi. Wako watumishi walioajiriwa wangali vijana wakaambiwa wajiandae kuhama, wakaoa, wakazaa, wakaozesha, wakastaafu, na mafao yao wakayalia Magomeni.

Kwa hiyo Julai 2016, Rais John Magufuli aliposema kwamba safari hii Serikali inahama kweli, wengi tuliokuwa na umri wa kukumbuka tulitabasamu kwa siri. Tabasamu letu halikudumu. Waziri Mkuu alitangulia kabla ya mwaka huo kwisha. Makamu wa Rais wa wakati ule, ambaye leo ndiye Rais, akafuata Desemba 2017. Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019, mwaka ule ule ulipofunguliwa Mji wa Serikali pale Mtumba. Wizara zilizokuwa zimekawia miaka zaidi ya arobaini zikafungasha majalada yake kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa na mvua, na nyingine zikakirimiwa kwanza katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako wakurugenzi waliketi katika vyumba vilivyokusudiwa wahadhiri.

Sina ugomvi na Dodoma. Mji ule una hewa kavu inayofaa kifua cha mzee kama mimi, una zabibu, una watu wapole, na hoja ya waasisi kwamba mtu wa Kigoma au wa Mara asilazimike kufika mpaka ufukweni ili aione Serikali yake ilikuwa hoja ya insafu. Ninalolilalamikia ni jambo ambalo sikupata kuliona katika waraka wowote wa zama zile: kwamba mtumishi wa Serikali, pamoja na cheo chake na namba yake ya ajira, ana mke, au ana mume, na ana watoto wanaosoma, na ana mama mkongwe anayehitaji mtu wa kumpeleka zahanati, na kwamba barua moja inayomhamisha yeye haiwahamishi hao.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwangu, kwa kuwa ndio ninaoujua. Mwanangu wa pili ni mtumishi wa wizara, na mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam. Barua ya mume ilitoka wizarani, ikampa siku chache za kujiandaa pamoja na posho yake, naye akaenda. Mke ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri haikuwa imehamia popote. Akaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, neno ambalo kila mwalimu na kila muuguzi wa nchi hii analijua kama anavyolijua jina lake, na ombi hilo likaanza safari yake kutoka kwa mwalimu mkuu kwenda kwa afisa elimu, kutoka kwa afisa elimu kwenda kwa mkurugenzi, na kutoka kwa mkurugenzi kwenda mahali ambapo sisi raia hatupafahamu vizuri. Akatafuta mwalimu wa Dodoma wa kubadilishana naye kituo, lakini kila aliyekuwa Dodoma mjini alikuwa na sababu zake za kubaki, na waliotaka kuingia walikuwa wengi mno kuliko waliotaka kutoka. Hatimaye akajibiwa kwamba nafasi iko, ila iko Kondoa, yaani zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini anakoishi mumewe. Mkwe wangu ni mwanamke mwenye adabu. Aliisoma barua ile, akaikunja, akaiweka chini ya Msahafu, na tangu siku hiyo hakuizungumza mbele yangu kwa muda mrefu.

Ndipo maskani moja ikawa maskani mbili. Mshahara uliokuwa ukilipa kodi moja ukalipa kodi mbili, na hiyo ya pili katika mji ambao wenye nyumba wa mitaa ya Kisasa na Area C walikwisha kuelewa kwamba Serikali inapohamia mahali haina budi kulala mahali. Mwanangu alipanga pamoja na watumishi wenzake wawili, watu wazima wenye mvi, kila mmoja na jiko lake la gesi na sufuria yake, wakirejea maisha ya kiseja ambayo waliyaaga zaidi ya miaka kumi nyuma kwa sherehe na ndelemo. Nilipowazuru niliwakuta wakibishana juu ya zamu ya kuosha vyombo. Mmoja wao alikuwa mkurugenzi msaidizi.

Lakini mambo ya sufuria na kodi ni mepesi kuyasimulia kwa kuwa yana bei. Yako yasiyo na bei. Katika nyumba ya mwanangu niliona, bila ya mtu kuniambia, kwamba baba akisema televisheni izimwe, mtoto humtazama kwanza mama, na mama akitikisa kichwa ndipo televisheni huzimwa. Hapana utovu wa heshima hapo. Watoto wale humwamkia baba yao kwa shikamoo ya dhati na humrukia mlangoni. Ila amri ya nyumba, ambayo hujengwa kwa kukaa, kwa kukemea saa kumi na mbili asubuhi na kusahau saa moja, haiwezi kuletwa na mtu anayefika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili alasiri. Mtu huyo aghalabu huogopa kukemea, kwa kuwa wasaa wake ni mfupi na hataki kuuharibu. Na mke, ambaye amekemea peke yake juma zima, humwona mwenzake akigawa pipi na kupata sifa. Nimewasikia wakigombana juu ya hilo kwa sauti ya chini, sauti ya watu wanaohifadhi saa chache walizo nazo.

Zamani safari ya kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilikuwa ni taabu. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na kwa muda mrefu baada ya hapo mtu aliyepanda gari moshi hakuuliza atafika saa ngapi, aliuliza atafika siku gani, hasa mvua zilipoibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe. Basi nalo lilichukua saa nane, mara tisa, kutegemea malori ya barabarani na hisani ya mizani. Mwanangu alikuwa akiondoka Dodoma Ijumaa mchana kwa ruhusa ya nusu siku, anafika usiku wa manane, analala Jumamosi asubuhi yote, na Jumapili kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi kituoni. Ikafika mahali akawa anakuja mara moja kwa mwezi, halafu hata mwezi ukapita.

Kisha ikaja treni ya umeme. Ilianza kuchukua abiria mpaka Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma Julai 25 ya mwaka huo huo, na Agosti mosi Rais akaizindua rasmi. Nimeipanda, na kwa kuwa wazee wa rika langu tumezoea kulaumu, acha niisifu kwanza. Mtu hukata tiketi kwa simu, akapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroli namba, akalipa shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida, na kwa muda wa saa tatu na nusu au nne, kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, huiacha harufu ya Pugu, akapita Ruvu na Ngerengere, akaiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu yake, akaingia katika mahandaki ya Kilosa ambamo masikio huziba kidogo na watoto hupiga kelele kwa furaha, kisha akatokezea upande wa pili katika nchi nyingine kabisa, ya mibuyu na udongo mwekundu na mito ya mchanga. Nilimchukua mjukuu wangu kumtembelea baba yake, naye hakutaka kulala hata dakika moja. Ile treni yenye pua ndefu, ambayo watu wameibatiza Mchongoko, anaijua kuliko anavyoijua njia ya kwenda kwa shangazi yake.

Anayetaka kuijua hali ya ndoa za watumishi wa Serikali na aende stesheni ya Dodoma Ijumaa jioni. Atawaona wanaume wa umri wa makamo, na wanawake pia, maana wako wake waliohamishwa wakawaacha waume, wamebeba mikoba ya kompyuta begani na zabibu mkononi, wakitazama saa kama vijana wanaochumbia. Wanaporejea, zabibu zimegeuka kuwa vibakuli vyenye vifuniko, na ndani ya vibakuli mna samaki wa Feri waliokaangwa na kukaushwa vizuri ili wadumu mpaka Jumatano, kwa sababu mke wa pwani haamini kwamba mume anaweza kuishi kwa mlenda na nyama ya mbuzi.

Baada ya sifa hizo nina shaka moja, nayo imenikaa moyoni tangu safari ile. Treni hii imeufanya utengano uvumilike, na jambo linalovumilika hukosa mtu wa kuliondoa. Alipokuwa akifika usiku wa manane akiwa hoi, mwanangu alikuwa akiandika maombi, akimsumbua afisa utumishi, akiulizia nafasi kwa marafiki. Leo hafanyi hayo, kwa kuwa kila juma anafika, anakula, anacheka na wanawe, anaondoka. Wakubwa wake nao wanajibu kwamba Dodoma sasa ni jirani. Lililokuwa dharura limekuwa desturi, na sioni mtu yeyote katika ofisi yoyote anayelihesabu kuwa ni tatizo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ningependa kulipita, ila mtu anayeandika juu ya familia na dola katika zama hizi akalipita hilo atakuwa anawaandikia wageni. Tarehe 29 Oktoba 2025 tulifanya Uchaguzi Mkuu ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa gerezani kwa shtaka la uhaini. Siku ile ile ghasia zikazuka Dar es Salaam na katika miji mingine, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa jijini, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Watu walikufa, na idadi yao ingali inabishaniwa. Rais mwenyewe, alipolihutubia Bunge jipya pale Dodoma tarehe 14 Novemba, alitoa pole kwa waliofiwa na kutangaza kwamba itaundwa tume ya uchunguzi, ambayo uenyekiti wake alikabidhiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Nitasema lililotupata sisi, ambalo ni dogo mbele ya msiba wa waliofiwa. Mwanangu alikuwa Dodoma. Mkewe na watoto walikuwa Dar es Salaam, na mkubwa wao ni mvulana wa umri ule ambao mama humficha viatu. Zile njia ambazo familia zilizogawanyika huishi kwazo, picha ya chakula cha jioni, sauti ya mtoto akisoma, video ya mdogo akijifunza kuendesha baiskeli, zote zilikatika kwa mkupuo, zikabaki simu za kawaida ambazo zilipatikana kwa bahati na kuongea kwa kukatika. Jamaa na majirani walimpigia mwanangu kumuuliza Serikali inasema nini, kwa kuwa yeye ni mtu wa Serikali na yuko makao makuu. Naye alikuwa anajua machache kuliko muuza genge wa mtaani kwake, ambaye angalau aliusikia mtaa kwa masikio yake. Aliyeamuru mtandao uzimwe pengine alikuwa na sababu alizoziona nzito. Lakini nadhani pia kwamba wanawe yeye walikuwa wamelala chumba cha pili.

Hapa ndipo nilipoanza kuyafikiri upya yale ya mwaka 1973. Kuwa katikati ya ramani kumewasogeza watawala karibu na watu wa bara, na hilo ni haki yao. Ila Dar es Salaam haikuhama. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi nzima, na katika hao 5,383,728 walikuwa katika mkoa huo mmoja, wengi wao vijana, wengi bila ya kazi ya kueleweka. Waziri wa zamani, hata akipenda asipende, alikwama katika foleni moja na watu hao pale Ubungo, aliuona uso wa kijana anayeuza maji dirishani, na alipofika ofisini alikuwa amekwisha kuambiwa jambo na barabara. Waziri wa leo anaishi katika mji mpana wenye barabara nyeupe, na habari za Dar es Salaam humfikia zimeandikwa vizuri, zimepigwa muhuri.

Ajabu ni kwamba uzi uliobaki kati ya miji hii miwili ni hao hao wanaume wa vibakuli. Kila mwanzo wa juma wanaingia Mtumba wakiwa wametoka Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto na Kimara, wamezisikia bei za unga, wamewasikia watoto wao wakubwa wakizungumza na wenzao uani, wanajua kijana yupi ana hasira na kwa nini. Serikali imepata wajumbe isiowalipa posho. Nilimuuliza mwanangu kama kuna mtu yeyote kazini aliyewahi kumuuliza habari za nyumbani kwa nia ya kuzijua. Alicheka. Akaniambia kwamba kabla ya Oktoba walizungumza siasa wakinywa chai, kila mtu na lake, na tangu Oktoba wanazungumza mpira. Hata ndani ya treni ni vivyo hivyo. Katika basi la zamani siasa ilianza Kibaha na kufika Gairo haijaisha, dereva akiwa msuluhishi; katika behewa lile safi lenye ubaridi, kila mtu ameinamia simu yake, na mwenye maoni anayaweka kinywani pamoja na ulimi.

Nina matakwa mawili, wala si makubwa. La kwanza ni kwamba barua ya kumhamisha mtumishi mwenye mwenza aliye mtumishi itolewe pamoja na barua ya mwenza wake, kwa siku moja na kwa mji mmoja, na isipowezekana kutoa ya pili basi ya kwanza ingoje. Maana dola iliyoweza kupasua mlima wa Kilosa haiwezi kushindwa kuwakutanisha afisa utumishi wa wizara na mkurugenzi wa halmashauri. Maombi siku hizi hupitia katika mfumo wa kielektroniki, hivyo hata kisingizio cha jalada lililopotea kimekwisha. La pili ni kwamba mtandao usizimwe tena, kwa sababu yoyote, hata ile itakayoonekana nzito usiku ule wa kuamuliwa. Serikali iliyowatawanya watumishi wake imechukua dhima ya kuwaacha wasikilizane na nyumba zao, na hii naisema bila ya kuingia katika mjadala wa haki za wananchi wengine wote, ambao wana hoja zao zenye nguvu kuliko zangu.

Nilipokuwa naiandika makala hii mkwe wangu alipata jibu. Baada ya miaka yote hiyo nafasi imepatikana, na safari hii iko Dodoma mjini, katika shule isiyo mbali na nyumba anayoishi mumewe. Nikamtumia pongezi. Jioni alikuja kwangu mwenyewe, akaketi, akaniambia, "Baba, nisamehe, sidhani kama nitakwenda." Mama yake mzazi haoni vizuri siku hizi na hana mtu mwingine; mvulana yuko kidato cha tatu na akihamishwa sasa atavurugika; yeye mwenyewe amekuwa mwalimu mkuu msaidizi, cheo ambacho huko atakiacha; na kuna kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopeshana, ambacho ndicho kilichomsaidia siku za Oktoba alipokuwa peke yake. Kisha akaongeza, akitazama pembeni, kwamba amezoea.

Sikuwa na jibu la haraka. Angehama mwaka ule wa kwanza, kwa furaha, na kitanda kichwani ikibidi. Nilimuuliza kama mumewe analijua hilo, akasema atamwambia Ijumaa, akishakula.